Mkandaji wa nyayo kaniambia niache vidonge vya kliniki, nami nina mimba ya wiki 24

Mshauri, salaam.

Nina mimba ya wiki 24, na ni ya pili. Ile ya kwanza presha ilinipanda mwishoni, mkojo ukaonekana na protini, nikazalishwa wiki ya 36. Nashukuru mtoto alitoka mzima. Safari hii kliniki wamenianzishia aspirini ya dozi ndogo tangu wiki ya 12, kidonge kimoja kila usiku. Hudhurio la mwisho presha ilikuwa 118 kwa 74 na mkojo ulikuwa safi.

Kinachonisumbua ni miguu na kiuno. Ikifika jioni vifundo havionekani, viatu vyangu vyote vinabana, na usiku najigeuza mpaka alfajiri. Wifi yangu akanipeleka kwa mama mmoja anayefanya rifleksolojia, yaani kukanda nyayo. Siku ya kwanza alinikanda polepole, nikarudi nyumbani nikalala usingizi ambao sikuwahi kuupata tangu mimba iingie. Siku ya pili alinibonyeza juu kidogo ya kifundo cha ndani, nikashtuka kwa maumivu. Akasema maumivu yale ni ushahidi kwamba figo zangu zimeziba, na kwamba nikimaliza vipindi 10 uvimbe utakwisha. Akaongeza kuwa niache aspirini kwa sababu "inachafua damu". Leo ni siku ya pili sijaimeza.

Jirani aliposikia akanitisha zaidi. Eti mguuni kuna sehemu zikibonyezwa mimba inatoka. Tangu hapo sina amani, kila dakika nasikiliza kama mtoto anacheza. Na tangu juzi mguu wa kushoto unaniuma kwenye shavu, naona umevimba kuliko wa kulia. Mkandaji amesema niende kesho aufanyie kazi zaidi. Niende? Na je, hiki kitu kinafaa kwa mjamzito au nimejiponza?

Mama wa Miguu Mizito

*

Dada yetu, tunaanza na maneno yako ya mwisho, maana hayo hayasubiri. Usiende kwa mkandaji kesho. Nenda hospitali leo, na kabla hujafika usimruhusu mtu yeyote aukande mguu huo, hata mumeo kwa mkono mwepesi.

Mjamzito mwenye mguu mmoja uliovimba kuliko mwenzake, na shavu linauma, huchukuliwa kuwa huenda damu imeganda ndani ya mshipa mkubwa wa mguu mpaka kipimo kiseme vinginevyo. Inawezekana ni msuli tu uliokaza usiku. Lakini hayo mawili hayatenganishwi kwa macho wala kwa vidole. Yanatenganishwa kwa altrasaundi ya mishipa ya mguu, kipimo kisicho na mionzi na kisichomdhuru mtoto.

Hofu hii ina sababu. Wakati wa ujauzito damu huganda kwa urahisi zaidi, kwa kuwa mwili unajiandaa kuzuia kuvuja damu siku ya kuzaa. Papo hapo homoni hulegeza kuta za vena, yaani mishipa inayorudisha damu moyoni, na tumbo linalokua huzibana vena za nyonga, kwa hiyo damu ya miguuni hupanda taratibu. Ukilinganisha na mwanamke wa umri wako asiye mjamzito, hatari ya damu kuganda huwa kubwa mara kadhaa, na huzidi kupanda katika wiki 6 baada ya kujifungua. Mguu wa kushoto ndio unaopatwa zaidi, kwa sababu vena inayotoka upande huo hupita chini ya ateri (mshipa unaotoa damu moyoni) ya upande wa kulia na kubanwa nayo. Sasa fikiria mtu anakandamiza shavu la mguu wenye bonge la damu kwa dole gumba: bonge linaweza kumeguka, likapanda hadi kwenye mapafu. Ndiyo maana mkandaji aliyefunzwa vizuri, akisikia "mguu mmoja, shavu", hukunja taulo lake na kumpeleka mteja hospitali.

Ukiwa unavaa, chukua utepe wa fundi cherehani. Pima sentimita 10 kushuka kutoka kwenye kile kinundu cha mfupa kilicho chini ya goti, kisha zungusha utepe hapo, mguu wa kushoto na wa kulia. Tofauti ya sentimita 2 au zaidi inatia shaka kubwa. Ikiwa ndogo zaidi bado nenda, kwa sababu maumivu yenyewe yanatosha. Ukifika, sema hivi bila kupunguza: "Nina mimba ya wiki 24, shavu la mguu wa kushoto linauma na kuvimba tangu juzi." Usianze na habari ya uchovu na usingizi, utapangwa mwisho wa foleni. Na wakikuta damu imeganda, kwa kawaida hutibiwa kwa sindano za heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda isiyovuka kondo la nyuma kumfikia mtoto. Lakini ukianza kukosa pumzi ghafla, kifua kikachoma unapovuta hewa, ukakohoa damu au ukahisi kuzirai, hiyo ni dharura ya dakika ileile.

Aspirini ibebe uende nayo. Waeleze kwamba umekosa siku mbili na kwa nini. Kwa kawaida mtu huendelea na kidonge chake cha usiku huo bila kufidia vilivyopita, ila kwa kuwa leo unachunguzwa damu, acha wao waseme. Dozi ya kinga kwa mwanamke aliyewahi kupata presha ya mimba ni kati ya miligramu 75 na 150 kwa siku, ikianzishwa tangu wiki ya 12. Haichafui damu. Inazipunguzia chembe sahani, zile chembe za damu zinazosaidia damu kuganda, tabia ya kugandamana, na hivyo kusaidia damu ipite vizuri kwenye mishipa ya kondo, mahali ambapo tatizo lile la mimba ya kwanza huanzia. Ugumu wake ni kwamba hutaihisi ikifanya kazi. Haishushi uvimbe wala haikupi usingizi, kwa hiyo ni rahisi mtu kukushawishi kwamba haina maana. Usidhani vilevile kwamba inakukinga na hili la mguu. Kwa damu iliyoganda kwenye vena, dozi hiyo haitoshi.

Sasa figo. Mkandaji wako amekosea, nasi tunataka uelewe amekosea wapi, kwa kuwa utakutana na wengine wasemao hivyo. Ramani ya nyayo anayoitumia haina umri mkubwa. Mwaka 1917 daktari wa masikio, pua na koo huko Marekani, William Fitzgerald, alichapisha wazo la kuugawa mwili katika kanda 10 zinazoshuka kutoka kichwani hadi vidoleni. Miaka ya 1930 Eunice Ingham, Mmarekani pia, akaihamishia kazi hiyo kwenye nyayo na kuchora kila kiungo mahali pake: kichwa kwenye dole gumba, uti wa mgongo kwenye ukingo wa ndani, mfuko wa uzazi kati ya kifundo cha ndani na ncha ya kisigino. Hakuna neva inayojulikana inayotoka kwenye "sehemu ya figo" ya unyayo ikaenda kwenye figo, na ramani za shule mbalimbali hazilingani zote. Nyayo haziwezi kupima figo. Figo hupimwa kwa mkojo na damu, na mkojo wako wa hudhurio la mwisho ulikuwa safi.

Ule mshtuko wako wa maumivu una maelezo ya karibu zaidi. Pale juu ya kifundo cha ndani ngozi ni nyembamba, mfupa wa muundi uko chini yake moja kwa moja, na nyuma ya kifundo hupita neva kubwa inayoshuka kwenye unyayo. Mguu uliojaa maji tayari una ngozi iliyovutika. Ukibonyezwa hapo kwa nguvu, hata mtu mwenye figo imara kama chuma ataruka. Maumivu yale yalisema jambo moja tu: anabonyeza mno.

Mahali palepale ndipo jirani yako anapopaogopa. Katika tiba ya kubonyeza na ya sindano kutoka China kuna sehemu zinazokatazwa kwa wajawazito: upana wa vidole vinne juu ya kifundo cha ndani, nyuma tu ya ukingo wa mfupa; kona ya nje ya ukucha wa kidole kidogo cha mguu; shimo lililo kati ya kifundo cha nje na kano ya kisigino; na ile nyama kati ya kidole gumba na cha shahada mkononi. Warifleksolojia nao huacha sehemu za mfuko wa uzazi na ovari pande zote mbili za kisigino. Je, zinatoa mimba? Sehemu hizo za Kichina zimejaribiwa kwa makusudi kwa wanawake waliotimiza miezi, kwa nia ya kuanzisha uchungu, na hata kwao hazijaonyesha kuuanzisha kwa uhakika. Kubonyezwa mara moja katika wiki ya 24 si jambo la kukunyima usingizi. Mimba zinazoharibika huharibika nyingi kabla ya wiki ya 13, na sababu kubwa ni hitilafu ya kromosomu (vibeba urithi) iliyokuwapo tangu mwanzo, ambayo hakuna dole gumba lililoileta.

Hata hivyo tunaunga mkono desturi ya kuziacha sehemu hizo mpaka wiki ya 37 itimie, na ya wakandaji wengi kutopokea mteja katika wiki 12 za kwanza. Kuziacha hakumpunguzii mtu chochote. Na mimba ikiharibika kwa sababu zake, mama hatabaki akijilaumu maisha yake yote kwa ajili ya nusu saa ya kukandwa.

Kwa mtoto kucheza: katika wiki ya 24 mpangilio wake bado haujatulia, leo anaruka sana na kesho anatulia, kwa hiyo kuhesabu kila teke kutakuumiza bure. Mpangilio huanza kueleweka kuelekea wiki ya 28. Kuanzia hapo, ukiona anacheza pungufu kuliko desturi yake, nenda ukapimwe siku hiyohiyo.

Ulichouliza mwishoni, kama kitu hiki kinafaa, jibu letu ni kwamba kinafaa kwa kile ulichokipata siku ya kwanza, na hakifai kwa alichokuahidi siku ya pili. Kukandwa nyayo kwa upole huku umepumzika na miguu imeinuliwa kunatuliza. Kuna tafiti zilizoona wajawazito wakipata nafuu ya wasiwasi, usingizi na hisia za maumivu. Nyingi ni ndogo, na anayekandwa anajua anakandwa, kwa hiyo hatuwezi kusema ni ramani ndiyo iliyofanya kazi na si mapumziko na mguso wa mtu anayekujali. Sisi hatulidharau hilo. Mjamzito aliyelala vizuri usiku mmoja amepata kitu cha kweli. Ila halitibu presha, halizuii kifafa cha mimba, halimgeuzi mtoto aliyekaa vibaya, na haliondoi uvimbe kwa zaidi ya saa chache.

Ikiwa hospitali watakuta mguu hauna damu iliyoganda, na mkunga wako akiridhia, unaweza kuendelea, lakini si kwa mama yule. Tafuta mtu ambaye kabla hajagusa chochote atakuuliza una wiki ngapi, presha ilikuwa ngapi, kama umetokwa damu, kondo limekaa wapi, na kama mguu wowote unauma. Akijibu kwa ramani swali linalotaka kipimo, ondoka. Akikuambia uache dawa, ondoka haraka zaidi. Nawe mwenyewe ahirisha kila unapokuwa na damu ukeni, tumbo linalokaza na kuachia kabla ya wiki ya 37, homa, kidonda au fangasi mbichi miguuni, presha iliyofika 140 kwa 90, au kondo lililofunika mlango wa kizazi.

Mlalo ni jambo ambalo wakandaji wengi hulipuuza. Baada ya wiki ya 20 usilazwe chali. Tumbo hukandamiza vena kubwa inayorudisha damu kwenye moyo. Mama huhisi kizunguzungu, jasho la baridi na kichefuchefu, na damu inayomfikia mtoto hupungua. Mgongo uinuliwe kiasi cha nusu ya kukaa, au ulale ubavu wa kushoto na mto kati ya magoti. Ukihisi kizunguzungu katikati ya kazi, usivumilie kwa heshima, geukia kushoto papo hapo.

Kwa kweli sehemu nzuri ya huduma hii mumeo anaweza kukufanyia nyumbani, bila ramani yoyote. Nenda haja ndogo kwanza. Aoshe miguu yako kwa maji ya uvuguvugu, si ya moto, kwa dakika 5 hivi, aikaushe hadi katikati ya vidole. Achukue kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya kawaida yasiyo na manukato kwa kila mguu. Mafuta makali ya kunukia ayaache, baadhi yake hayapendekezwi kwa wajawazito na wengine pua zao haziyahimili. Aanze kwa kuushika tu unyayo kwa mikono miwili, bila kufanya lolote, kama nusu dakika. Kisha dole gumba lipite polepole kutoka kisigino kuelekea vidoleni, mistari mitano sambamba, kila mstari mara 3. Avute kila kidole taratibu na kukizungusha. Azungushe kifundo chote mara 10 kila upande. Amalizie kwa viganja vilivyo bapa, akipandisha kutoka vidoleni kuelekea goti, kwa uzito wa mtu anayepaka losheni, kwa sababu lengo hapo ni kusaidia maji yarudi juu. Shavu la mguu lisifinywe wala kukandamizwa.

Nguvu ipimeni hivi: kama 0 ni mguso na 10 ni maumivu yasiyovumilika, asivuke 4. Dakika 10 hadi 15 kwa kila mguu zinatosha, mara 2 au 3 kwa wiki. Mwishoni afute mafuta yote kabla hujasimama. Wajawazito huanguka kwa kuteleza, na uzito wa tumbo hauwapi nafasi ya kujizuia. Kaa kitako dakika 2 au 3 ndipo uinuke.

Uvimbe wa miguu yote miwili unaoongezeka jioni na kupungua asubuhi ni wa kawaida, nao una tiba za bei rahisi kuliko vipindi 10. Inua miguu juu ya usawa wa moyo dakika 20, mara 3 kwa siku. Ukikaa, zungusha vifundo na kunja nyayo mara 30 kila saa. Usipunguze maji ya kunywa, uvimbe hautoki kwa kiu. Soksi za kubana huvaliwa kitandani asubuhi kabla ya kukanyaga chini. Ukizivaa mchana mguu umeshajaa, zitakubana bila faida. Wewe usizivae mpaka mguu wa kushoto upimwe.

Kwa kiuno, piga magoti na mikono kama mtoto anayetambaa, pandisha mgongo juu kama paka kwa sekunde 5 na kuurudisha uwe bapa, mara 10, asubuhi na kabla ya kulala. Ukigeuka kitandani, geuza mabega na nyonga pamoja, magoti yakiwa yamebanwa. Maumivu yakizidi, parasetamoli inaruhusiwa kwa dozi ya kawaida kwa siku chache. Diklofenaki na ibuprofeni usitumie bila daktari, ikiwa ni pamoja na jeli za kupaka zenye dawa hizo, kwa sababu kuanzia wiki ya 20 zinaweza kudhoofisha figo za mtoto na kupunguza maji yanayomzunguka. Aspirini yako ya dozi ndogo ni ya ukoo huohuo, ila kwa kiasi kile na chini ya uangalizi inahesabiwa kuwa salama. Usiiongeze dozi kutuliza kiuno.

Kwa historia yako, uvimbe ukipanda ghafla usoni na mikononi, kichwa kikauma bila kuachia, macho yakaona vimulimuli, au ukaumwa chini ya mbavu za kulia, nenda ukapimwe presha siku hiyohiyo. Ikifika 160 kwa 110 ni dharura hata kama hujisikii vibaya.

Wifi yako alikupeleka kwa mapenzi, wala hakujua atakuta mtu wa kusoma figo kwenye kisigino. Mwite sasa, mweleze habari ya mguu, umwombe akusindikize leo. Chukueni kadi ya kliniki, vidonge na maji ya kunywa. Tafuteni usafiri wa kuwafikisha mlangoni, usitembee mwendo mrefu na mguu huo, na ukikaa garini unyooshe, usiukunje chini ya kiti.